Masikio ya Kwetu

Segerea, Dar es Salaam
12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, kifua kimetulia, na mvua haijaiharibu ile njia ya kwenda kanisani. Mimi huku ni mzima, joto tu ndilo linatutesa. Shangazi Genoveva mpe shikamoo yangu. Mshike mikono yote miwili kama anavyopenda.

Najua umenipigia mara nyingi wiki hizi mbili. Usidhani nakukwepa. Spika ya simu yangu imekufa, mtu akiongea nasikia mikwaruzo. Fundi wa hapa mtaani ameifungua mara mbili na mara zote mbili ameniambia haina ubaya wowote. Basi nimeona tuandikiane, kama ulivyokuwa ukiniandikia nilipokuwa bweni. Bahasha nitampa kondakta wa basi la Bukoba pale stendi ya Mbezi, nawe utaichukua Muleba siku ya gulio.

Mwaka wa pili umeanza. Wale waliokuuliza Kichina cha kazi gani, waambie viwanda vimejaa huku na kila kimoja kinatafuta mkalimani. Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba anayeitwa Wen, anatusimamisha mmojammoja na kututamkisha mpaka aridhike. Kichina kina sauti nne, Baba. Chukua neno "mai". Ukiishusha sauti kisha ukaipandisha, umesema kununua. Ukiiangusha kwa mkupuo, umesema kuuza. Mfanyabiashara akikosea hapo amekwisha. Mwaka jana nilikuwa wa pili darasani kwa matamshi, sasa nimehamia benchi la mbele kabisa ili nisipoteze hata kidogo.

Nakaa na Shamimu, yule binti wa Temeke niliyekueleza. Anasoma uhasibu, anaongea tangu anaamka mpaka anasinzia, na anapika wali wa nazi ambao ungekufanya usahau ndizi kwa siku moja. Siku moja tu.

Niandikie. Napenda mwandiko wako.

Mwanao,
Demetria


Kamachumu, Muleba
3 Desemba 2023

Mwanangu Demetria,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeipokea ikiwa na harufu ya samaki, nadhani kondakta aliiweka pamoja na mizigo mingine. Sisi huku hatujambo. Kifua kinanibana alfajiri kisha kinaniachia. Kahawa ya mwaka huu ni haba. Shangazi yako nimemwonyesha karatasi yako, akaipapasa, akaniuliza kwa vidole kama umenenepa. Nimemjibu ndiyo, usije ukaniaibisha.

Barua yako nimeisahihisha. Nilifundisha miaka thelathini na nne, mkono hauwezi kujizuia. Makosa mawili tu, yote ya mkato.

Habari ya sauti nne niliisimulia kwenye jumuiya yetu Jumapili. Katekista Edgar alicheka akisema lugha hiyo itamchanganya hata malaika. Nikamwambia binti yangu alikuwa wa pili. Nakueleza hili ili ujue kwamba huku unasomwa kila wiki kama matangazo ya ndoa.

Sijakusimulia kwa nini nilikubali haraka ulipotaka kusoma lugha. Wakimbizi walipofurika Ngara, mashirika yalikuwa yanatafuta watu. Nilikwenda na vyeti vyangu, nikasimama foleni siku mbili. Kule mezani wakaniuliza jambo kwa Kifaransa. Nilitabasamu tu kama mjinga. Aliyekuwa nyuma yangu alijibu, akapata kazi, na leo wanawe wako Ulaya. Mimi nilirudi darasani na chaki yangu. Sijutii chaki, lakini sikutaka wewe ukwame mlangoni kwa sababu ya ulimi.

Nunua simu nyingine ukiweza. Kama huwezi, andika.

Baba yako,
Mwl. Gaudens


Segerea
9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako na ya Shangazi? Mimi sijui nijibu nini kuhusu hali yangu, kwa hiyo nitaeleza moja kwa moja.

Spika ya simu haikuwa imekufa. Nilikudanganya, unisamehe.

Ilianza mwezi wa nane mwaka jana. Sauti za watu zilikuwa kama zinatoka chumba cha pili. Nilidhani ni mafua. Kisha siku moja mchana Shamimu alinishika bega kwa nguvu nikaruka. "Demetria! Mie nimekuita mara tatu, sufuria inaungua unaitazama tu!" Nikamwambia nilikuwa na mawazo. Tangu hapo nikajifunza kutazama midomo. Kwa Kiswahili inawezekana, mtu unajua atakachosema. Kwa Kichina mdomo hausemi kitu, Baba. Sauti nne zote, midomo inafanana.

Mtihani wa kusikiliza wa Februari nimepata kumi na moja kati ya arobaini. Mwalimu Wen aliniita ofisini, akafunga mlango, akakaa nyuma yangu na kusema maneno. Sikujua kama ameanza. Alipokuja mbele yangu alikuwa na machozi, nikajua yeye kashaelewa.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Waliniingiza kwenye kijumba kidogo, wakanivika spika za masikioni, wakanipa kitufe: nikisikia mlio, nibonyeze. Nilikaa na kidole tayari kama mtu anayesubiri zamu yake. Nilipotoka nesi aliniuliza kwa nini sikubonyeza.

Daktari anasema mshipa wa kusikilia unakufa, wa kushoto umetangulia. Amenipa vifaa vya kuvaa masikioni, vinasaidia kidogo, ila vinakuza na kelele zote. Aliniuliza: "Kuna mtu kwenye ukoo wenu aliyepoteza usikivu?" Nilimjibu ni shangazi yangu, lakini yeye alipata homa akiwa na miaka sita.

Sasa nisikilize, Baba. Daktari amesema kama ni la ukoo, halitasimama. Litaendelea mpaka mwisho, na itabidi nibadili masomo sasa hivi, nihamie kozi isiyohitaji masikio. Chuo kinaruhusu kuhama mpaka mwisho wa Aprili. Kama si la ukoo, basi huenda ni ugonjwa uliopita na litabaki hapa lilipo, na nikijitahidi ninaweza kumaliza.

Shangazi Genoveva alipoteza masikio kwa homa kweli? Nijibu haraka.

Mwanao,
Demetria


Kamachumu
28 Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama barabarani Muleba, na sikuweza kupanda pikipiki mpaka jua lilipopoa. Pole sana, mwanangu. Pole kwa kubeba mzigo huo peke yako.

Uliloniuliza nakujibu: ilikuwa homa. Alikuwa mtoto mdogo, alipata joto kali siku tano, alipopona hakusikia tena. Katika ukoo wetu hakuna mwingine. Masikio ya kwetu ni mazima. Bibi yako alikufa na miaka themanini akisikia panya akitembea darini.

Kwa hiyo usiache masomo. Vaa vifaa ulivyopewa, kaa mbele, omba Mungu. Ulikuwa wa pili darasani, hilo halifutiki kwa mtihani mmoja. Nimeomba misa kwa nia yako, sikutaja jina.

Baba yako,
Mwl. Gaudens


Segerea
21 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima.

Nilikuandikia Juni kwamba sikuhama kozi, na kwamba wamenipeleka mafunzo kwa vitendo kwenye kiwanda kimoja huku Temeke kinachotengeneza mabeseni na ndoo za plastiki. Nilifurahi kama mtoto. Walinipa koti lenye neno "mkalimani" mgongoni. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati ya mafundi wetu na Bwana Qiu, fundi mkuu wao. Ofisini tulielewana vizuri, maana alikuwa anaandika na mimi nasoma. Sikumwambia mtu kuhusu masikio. Nywele nilizishusha zifunike vifaa.

Tarehe 29 Agosti, saa nne asubuhi, mashine moja ilianza kutoa mlio mbaya. Fundi anaitwa Badru. Ni mtu wa makamo, mpole, ndiye aliyekuwa ananitunzia kiti kivulini wakati wa chakula. Alifungua kifuniko kuangalia roli, chuma kile cha mviringo kinachobana plastiki, huku mashine inazunguka, kwa sababu mlio ulikuwa unapotea ikizimwa. Mwenzake, Brightson, alikuwa kwenye swichi. Bwana Qiu alisimama upande wa pili na mimi pembeni yake. Vifaa vyangu nilikuwa nimevipunguza, kelele za mle ndani zilikuwa zinanipasua kichwa.

Bwana Qiu aliona kitu. Akanigeukia akasema "Ting! Ting!"

Neno hilo, Baba, sauti ikipanda ni "zima". Ikibaki juu bila kutikisika ni "sikiliza". Niliona mdomo wake. Sauti sikuisikia. Na kwa kuwa walikuwa wanatafuta mlio, nikaona lililo na maana ni moja tu. Nikapaza sauti: "Anasema sikilizeni!"

Badru akainama kuweka sikio karibu, mkono wake wa kulia akauegemeza kando ya roli, ikaunasa.

Vidole vinne. Kimebaki gumba.

Mayowe yake niliyasikia. Hayo niliyasikia.

Kuna jambo jingine, nalo ni baya kuliko hilo. Siku ya pili uongozi uliitisha maelezo. Bwana Qiu aliandika ukurasa mzima kwa Kichina. Aliandika wazi: nilisema zima, zima, mara mbili, kumwambia mkalimani. Wakanipa mimi nitafsiri, maana pale hakuna mwingine anayesoma lugha zote mbili. Nilikaa na karatasi ile nikiitazama. Kisha nikaandika kwa Kiswahili kwamba fundi mkuu hakutoa agizo lolote, na kwamba fundi Badru alifungua kifuniko kwa hiari yake. Nikatia sahihi. Wakapiga mhuri.

Ripoti imesema ni uzembe wa Badru. Hakupata fidia, na kazi hana.

Sijamwambia mtu ila wewe. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Demetria


Kamachumu
15 Desemba 2024

Mwanangu,

Nimechukua karibu miezi mitatu kukujibu. Hujaandika tena, na ninajua kwa nini. Kila wiki nilikaa mezani na kalamu, nikaandika salamu, nikaishia hapo. Leo sitauliza hali yako kwa sababu sistahili kuuliza.

Nilikudanganya kuhusu Genoveva.

Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa ameshaposwa na mwalimu wa Rubya, na alikuwa anaongoza kwaya ya parokia. Ilianza kwenye kwaya. Alikuwa anaanza wimbo kabla au baada ya wenzake, watu wakacheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, na ndimi niliyemsindikiza hospitali ya misheni kwa miguu. Sista mmoja Mjerumani alimpima kwa kengele. Akaniuliza mimi, kwa kuwa dada yangu hakusikia swali: "Mama yake mama yenu anasikia?" Hakuwa anasikia. Alikuwa ameanza kupoteza usikivu akiwa msichana.

Wazee walikaa. Dada zangu wawili walikuwa hawajaolewa. Wakaamua isemwe kwamba ilikuwa homa ya utotoni, na posa ikarudishwa kwa sababu nyingine ya kubuni. Tulipohamia huku Kamachumu hakukuwa na mtu wa kukumbuka. Mimi nimeisema homa hiyo kwa miaka hamsini, mpaka nikawa naiona. Genoveva mwenyewe hakuulizwa. Hajui kwamba amefanywa mtoto wa miaka sita katika hadithi yake mwenyewe.

Barua yako ya Machi iliponifikia niliijua kweli yote, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika homa. Nikupe sababu? Nilikuwa nimekutangaza kwenye jumuiya. Hiyo ni moja. Ya pili ni kwamba kila siku namwona dada yangu ameketi mlangoni, anatazama wapita njia wakifungua midomo, na nikakuona wewe umekaa pale. Nikadhani nisipoliandika halitakuwa. Mtu wa miaka sitini na tisa, mwalimu, alifikiri hivyo.

Umeniuliza ufanye nini kuhusu huyo fundi. Mwezi wa tisa ningekuambia nenda ukaseme kweli. Lakini mkono ule haukukatwa na wewe peke yako. Ungekuwa umehama Aprili, usingesimama pale Agosti. Sina tena mdomo wa kukuelekeza.

Nikikupigia hutasikia. Nikija, kifua hakitanifikisha. Basi naandika.

Baba yako


Segerea
11 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Naitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana barua zako zilizofuata, ile ya Februari na ile ya Pasaka, sijazifungua. Ziko chini ya godoro. Ya Desemba niliisoma mara moja.

Nina habari za kukupa, kisha sitaandika kwa muda.

Chuo niliacha Februari. Hakuna aliyenifukuza. Mwalimu Wen alinisindikiza mpaka getini, akanipa kamusi yake yenye jalada lililochakaa. Nilimshukuru kwa hilo.

Mwezi Machi nilikwenda Tandika kwa Badru. Brightson alinielekeza. Nilimkuta uani na mkewe, Farida, wanachambua mchicha. Farida alinitandikia mkeka na kuniletea maji, nadhani alifikiri nimetumwa na kiwanda. Badru akaanza kuongea. Nilitazama mdomo wake, sikuambulia chochote, amefuga ndevu. Nikaonyesha masikio yangu, nikatikisa kichwa. Kisha akamwambia mkewe jambo, naye akaleta daftari la shule la mtoto wao na kalamu ya risasi. Badru aliandika kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda, herufi zinaanguka huku na huku, na ule mkono mwingine, wenye gumba peke yake, akaulaza juu ya karatasi isisogee.

Aliandika: SIKU ILE ULISIKIA NINI?

Nilimwambia. Nilisema yote: ting, na karatasi ya Bwana Qiu, na nilichoandika mimi. Sikujua nasema kwa sauti kiasi gani. Katikati ya maneno nikamwona Farida amenyanyua kidole mdomoni, ananiashiria nipunguze, na nilipogeuka watu wa vyumba vya jirani walikuwa wamesimama milangoni. Kumbe nilikuwa napiga kelele.

Badru akavuta daftari. Akaandika tena: BRIGHTSON ALITAKA KUZIMA. MIMI NDIYE NILIMZUIA. NILIKUAMINI WEWE.

Akalifunga. Hakunifukuza. Farida alinisindikiza mpaka barabarani kama inavyopasa kwa mgeni, ila mkono hakunipa.

Kesho yake niliandika tafsiri ya kweli, nikatia sahihi, nikaipeleka kiwandani. Bwana Qiu alikuwa amesharudi kwao. Dada wa mapokezi aliipokea, akaigonga mhuri wa "imepokelewa" na kuiweka kwenye trei. Nimekwenda mara nne kuulizia. Mara ya nne trei ilikuwa imeondolewa. Ofisi ya kazi nako nilifika. Waliniandikia kwenye kipande cha karatasi kwamba shauri lilishafungwa, na anayeweza kulifungua ni mlalamikaji mwenyewe. Nilimpelekea Badru nakala. Farida aliipokea mlangoni. Ndani sikukaribishwa.

Sasa niko Kariakoo, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Nasoma maandishi ya Kichina kwenye maboksi na kuandika Kiswahili chake kwenye vibandiko. Mwenye duka ameniweka stoo ili wateja wasinisemeshe. Maandishi bado nayaelewa vizuri. Hata naweza kusema nimeendelea.

Kuhusu wewe na mimi. Nimetafuta hasira nikukasirikie sawasawa, kila nikikaribia naikumbuka ile karatasi yenye mhuri. Wewe uliandika uongo wako kwa mtu mmoja. Mimi niliuandika wa kwangu dhidi ya mtu aliyekuwa amelazwa wodini. Kwa hiyo sikulaumu, na kukusamehe siwezi. Nimechoka, ndiyo yote. Usimtume mtu kunichukua. Kwenye mlango wa Shangazi sitaki kukaa.

Jumanne iliyopita niliamka asubuhi, chumba kimetulia. Nikamwambia Shamimu, afadhali, mvua imekatika, leo nitafika kazini mkavu. Nikaanza kuvaa viatu vya wazi. Shamimu alinikazia macho, kisha akanishika mkono, akanivuta mpaka dirishani na kufungua pazia. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye bati la jirani, uwanja mzima umejaa, watu wanakimbia na mabeseni kichwani.

Nilitoa mkono nje. Ukalowa.

Mwanao,
Demetria